Barabara ya maduka inayotembeka: anza ukutani, malizia katikati

Wiki haipiti bila kuulizwa maswali yaleyale. Diwani anauliza zebra ichorwe wapi. Mwenyekiti wa mtaa anauliza kama barabara ikipanuliwa msongamano utaisha. Mwenye fremu anataka kujua wateja wake watapaki wapi. Na karibu wote wanamalizia na hili: "Hela hatuna, tuanzie wapi?" Mwongozo huu ni wenu, hasa ninyi wa miji midogo yenye barabara moja ya maduka inayobeba soko, benki, msikiti, duka la dawa na kijiwe cha bodaboda kwa pamoja.

Shika jambo moja tu, mengine yatafuata. Michoro mingi ya barabara huanzia katikati: njia za magari kwanza, kisha bega, kisha mtaro, halafu mwenda kwa miguu anapewa kilichobaki. Mara nyingi hakibaki kitu. Wewe geuza. Anza kwenye ukuta wa duka, uje kuelekea katikati, na gari ndilo lipewe kilichobaki.

Kabla hujaanza

Jua kwanza barabara ni ya nani. Tanzania, barabara za mitaani na za wilaya ziko chini ya TARURA, na barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, ambako hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kenya utakuta mamlaka ya barabara kuu (KeNHA), ya barabara za mijini (KURA) au serikali ya kaunti. Usimwage hata debe moja la kokoto kabla ya kupata barua ya mwenye barabara, maana kazi nzuri isiyo na kibali inavunjwa kama kibanda.

Vitu vya mkononi ni vichache: futi kamba ya mita 30 au 50, chokaa, kamba ya fundi, daftari, picha ya mji kutoka satelaiti iliyochapishwa kubwa, na simu ya kupigia picha. Tafuta pia picha au video za barabara hiyohiyo mvua ikinyesha. Kila mtaa una kijana aliyerekodi mafuriko.

Watu ndio muhimu zaidi. Mwenyekiti wa mtaa, kiongozi wa bodaboda, mama lishe mmoja, mwakilishi wa machinga, fundi wa mamlaka ya maji, mtu wa umeme anayejua nguzo zitahamia wapi. Ongeza mtu anayetumia kiti cha magurudumu na mtu asiyeona. Usiwaite hao wawili siku ya uzinduzi kupiga picha. Waite siku ya kwanza.

Hatua kwa hatua

1. Tembea kabla ya kupima. Nenda siku mbili, moja ya kawaida na moja ya gulio. Tembea barabara yote upande mmoja, rudi upande wa pili, polepole, nyuma ya mtu mwenye mzigo. Mfuate mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Angalia anaposhuka barabarani kwa sababu Noah imepaki mlangoni mwa duka, anapokanyaga ubao uliotupwa juu ya mtaro, anaposimama kusubiri lori lipite. Kila mahali anaposhuka, weka alama kwenye ramani. Alama hizo ndizo orodha yako ya kazi.

Kisha kaa sehemu moja dakika 15 ukihesabu: waenda kwa miguu, baiskeli, bodaboda, bajaji, magari, mikokoteni. Rudia asubuhi, adhuhuri na jioni. Namba hizo ndizo zitakazokutetea kwenye kikao cha kata pale mtu atakaposema kwamba barabara ni ya magari.

2. Pima ukuta hadi ukuta. Kila baada ya mita 20, vuta futi kamba kutoka ukuta wa fremu ya upande huu hadi ukuta wa upande ule. Usipime lami peke yake. Andika pia ilipo nguzo, mtaro, mti, ngazi ya duka, bomba. Sehemu nyembamba kuliko zote ndiyo itakayokuamulia mchoro.

3. Gawa upana, ukianzia ukutani. Tuchukue barabara yenye mita 18 ukuta hadi ukuta.

Kila upande anza na mita 1 ya duka: hapo ndipo ngazi, kibaraza na bidhaa za nje zinapoishia. Inafuata mita 2 ya kutembea, tupu kabisa, isiyo na nguzo wala meza. Kiti cha magurudumu kinahitaji sentimita 90 kupita, na viwili vikikutana ni mita 1.8, kwa hiyo mita 2 si anasa. Kisha mita 1.5 ya miti, taa, nguzo, vibao na meza za machinga. Hapo umetumia mita 4.5, pande mbili ni 9. Zimebaki 9 za katikati. Njia mbili za magari za mita 3 kila moja ni 6. Mita 2.2 upande mmoja ni ya kupaki, kushusha mizigo na bajaji. Sentimita 80 zilizobaki ongeza kwenye njia ya miguu ya upande wenye watu wengi.

Wataalamu watakuambia mita 3 ni nyembamba mno kwa lori. Lori lina upana wa mita 2.5 hivi. Linapita, ila halikimbii, na ndicho tunachotaka.

Kama ukuta hadi ukuta ni mita 12 tu, usijaribu kuvibana vyote. Fikiria njia ya upande mmoja: gari lipate mita 3.5, na mita 8.5 zibaki za watu, miti na biashara, huku magari yakirudi kwa barabara ya nyuma. Nairobi walifanya hivyo Luthuli Avenue mwaka 2019: magari yakawa ya upande mmoja na njia za miguu zikapanuliwa, katikati ya maduka ya elektroniki yenye msongamano kuliko mji wako.

*Kosa la kawaida:* kila mwenye fremu kujiinulia kibaraza chake kwa kimo anachotaka, na mtembeaji anapanda na kushuka kama yuko mlimani. Ngazi ya duka iishie ndani ya ile mita moja ya duka. Njia ya kutembea ibaki na usawa mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, hata inapokatiza geti la mtu. Gari ndilo lipande kufuata njia ya miguu.

4. Mtaro. Soma hatua hii mara mbili. Kwenye miji yetu nafasi ya kutembea haijapotea, imelala ndani ya mtaro ulio wazi. Ukifunika mtaro vizuri umepata njia ya miguu bila kuvunja ukuta wa mtu. Ukiufunika vibaya umetengeneza mafuriko.

Nasema haya kwa uchungu. Kwenye mji mmoja niliofanya kazi miaka ya nyuma tulifunika mtaro kwa slabu za mita 1 kwa mita 1.2, unene sentimita 12. Zilikaa imara, zikapendeza, watu wakatupongeza. Kila slabu ilikuwa na uzito wa kilo 345 hivi. Hakuna aliyeweza kuinyanyua, kwa hiyo hakuna aliyesafisha. Mchanga ukajaa humo ndani kimyakimya. Masika ya kwanza maji yalipanda yakaingia kwenye duka la nafaka la mzee mmoja. Nilimkuta amekunja suruali hadi magotini anahamisha magunia ya mchele, na gunia la chini kabisa likichuruzika maji meupe. Hakunitukana. Alinionyesha kwa kidole alama ya maji ukutani, akaendelea kubeba. Tangu siku hiyo nikichora mfuniko swali langu la kwanza ni kama vijana wawili wataweza kuunyanyua.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtaro wenye uwazi wa sentimita 40 ufunikwe kwa vipande vya sentimita 60 kwa 50, unene sentimita 8, vyenye nondo nyembamba ndani. Kipande kimoja kina kilo 58 hivi. Kitengenezee matundu mawili ya kupitishia ndoano za kunyanyulia, na yawe madogo kiasi kwamba fimbo ya asiyeona wala kisigino cha kiatu havizami. Kila mita 20 hadi 25 acha shimo la kunasa mchanga, lenye kina zaidi ya mtaro, ili usafi ufanyike hapo bila kufungua mtaro wote. Kwenye kingo za barabara acha matundu ya kuingizia maji, yakiwa karibukaribu sehemu za mteremko mdogo.

Njia ya miguu ilale kidogo kuelekea barabarani, sentimita 2 kwa kila mita. Na juu ya yote, uso wake uwe chini ya sakafu ya maduka, sentimita 15 ukiweza. Ukikuta maduka yako chini kuliko barabara, jambo la kawaida mahali lami ilipowekwa juu ya lami, usiinue chochote. Lami ya zamani ikwanguliwe kwanza.

*Tahadhari:* kipande cha sentimita 8 ni cha watu. Penye geti la kuingilia magari weka zege nene la sentimita 15 au zaidi lenye nondo za kutosha, na mhandisi ahakiki kwanza. Lori moja la saruji linatosha kuvunja mfuniko na mguu wa mtu atakayepita usiku.

5. Vivuko viwe pale watu wanapovukia tayari. Rudi kwenye ramani ya hatua ya kwanza. Wanavukia penye geti la shule, mbele ya soko, msikitini, penye kituo cha haisi. Zebra uliyochora mita 60 kutoka hapo kwa sababu "ndipo ilipopendeza" haitatumika. Kwenye barabara ya maduka weka kivuko kila mita 80 hadi 100.

Na rangi peke yake haimsimamishi mtu. Inua kivuko: sentimita 10 kutoka kwenye lami, juu tambarare mita 3 hadi 4, na miteremko ya kupandia ya mita 1 hadi 1.5 ili basi lisigonge chini. Hapo umepata tuta na zebra kwa pamoja, na mwenye kiti cha magurudumu anavuka bila kushuka. Pitisha bomba chini ya kivuko pembeni ili maji yasituame. Paka miteremko rangi nyeupe inayoonekana kwa taa za gari usiku.

Hesabu ni hii. Gari la kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kwa sekunde. Dereva akimwona mtoto, sekunde moja inapita kabla mguu haujagusa breki. Ndani ya mita hizohizo 14, aliyekuwa kwenye kilomita 30 ameshasimama. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la usalama barabarani, la Februari 2020, lilitaka kilomita 30 kuwa mwendo wa juu pale watu na magari wanapochanganyika. Kibao cha 50 ndicho kilichozoeleka mijini kwetu, kwa hiyo umbo la barabara ndilo lifanye kazi ya kumpunguza dereva.

Anayesema haya ni ya Ulaya mweleze kuhusu Dar es Salaam. Amend, shirika la usalama barabarani, lilitengeneza mazingira ya shule za msingi kwa njia za miguu, matuta, vivuko na hata kuhamisha mageti yaliyokuwa yanatazama barabara hatari. Mradi huo, SARSAI, ulipata tuzo ya WRI Ross, tuzo ya kimataifa ya miradi ya miji, mwaka 2019.

6. Kaza kona. Kona pana inamruhusu dereva kukunja bila kupunguza mwendo, na inamrefushia mtembeaji safari ya kuvuka. Funga kamba kwenye msumari, chora duara kwa chokaa: nusu kipenyo mita 3 hadi 5 inatosha. Panapopita mabasi, ongeza ukanda wa mawe ulioinuka kidogo ambao basi linaweza kuukanyaga lakini gari dogo linaukwepa.

7. Kivuli, pa kukaa, mwanga. Saa nane mchana barabara isiyo na kivuli haitembeki, hata uitandike marumaru. Panda mwarobaini mahali pakavu, mkungu mahali penye maji zaidi, kila baada ya mita 8, kwenye shimo la mita 1.2 kwa 1.2. Miti ya ashoki, ile mirefu myembamba, inapendeza kwenye picha lakini kivuli chake kinatosha nguzo. Jamii ya mikuyu iache, mizizi yake itainua pevingi (vitofali vya njia ya miguu) yote. Matawi ya chini yakatwe hadi mita 2.5 kutoka ardhini. Jenga kizimba, mbuzi hawana mchezo. Kila mti uwe na mwenye duka aliyekubali kuumwagilia misimu miwili ya kiangazi ya mwanzo, jina lake liandikwe kwenye daftari la mtaa.

Pa kukaa tusiende mbali kujifunza. Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu wana baraza za mawe kandokando ya kuta: mzee anapumzika, kahawa inanyweka, na mvua ikijaza uchochoro watu wanapita juu yake. Zege la kimo cha sentimita 40 hadi 45 ukutani, ndani ya ile mita ya duka, ni kazi ya fundi mmoja.

Taa za watu ni fupi, mita 4 hadi 6, zimulike njia ya miguu. Taa ndefu ya barabarani ikikaa nyuma ya mwembe inamulika mwembe.

8. Wachoree nafasi machinga, bodaboda na mama lishe. Usipowachora watajichora wenyewe, na watajichora kwenye ile mita 2 ya kutembea. Hawako pale kwa ukaidi, wako pale kwa sababu wateja wanapita pale. Wape nafasi ndani ya ukanda wa mita 1.5, mraba uliopakwa rangi na namba, meza isizidi mita 1.2 kwa sentimita 80, mnunuzi asimame bila kuziba njia. Kijiwe cha bodaboda kiwe angalau mita 10 kutoka kwenye kivuko ili kisimzibe dereva asione anayevuka, na kiwe na kivuli. Kijiwe chenye kivuli hakihami.

9. Jaribu kwa chokaa. Kabla ya saruji, chora mchoro mzima ardhini kwa ukubwa wake halisi. Panga matairi yaliyopakwa rangi nyeupe na viroba vya mchanga mahali kingo zitakapokuwa, weka viakisi mwanga vya usiku, na trafiki wawe na taarifa. Acha wiki mbili, gulio liwemo. Lori la soda likishindwa kukunja, utasogeza tairi leo. Baadaye ungevunja zege.

10. Jenga mita 100 kwanza. Ukikamilisha kipande kimoja chote, pamoja na mti na taa, mji mzima utakuja kukiona. Ukitandaza hela kilomita nzima utaishia na kingo bila kitu kingine. Vipimo vya kuanzia bajeti kwa mita 100, pande zote mbili, njia ya mita 2: mita za mraba 400 za pevingi, yaani vitofali 20,000 vya sentimita 20 kwa 10, unene sentimita 6 (sentimita 8 penye mageti), mifuniko 400 ya mtaro, miti kama 24 ukiondoa penye vivuko. Peleka namba hizo kwa mafundi watatu upate bei. Na andika mstari wa usafi wa mtaro kwenye bajeti ileile, kabla mvua hazijaanza, kila mwaka.

Kama barabara yenu ndiyo barabara kuu

Miji kama Makambako na Mto wa Mbu imekua kandokando ya barabara ya masafa. Hapo huwezi kubana njia za malori kwa uamuzi wa kata. Omba TANROADS mambo matatu: kisiwa cha katikati chenye upana wa mita 2 ili mtu avuke upande mmoja kwa wakati, vivuko vilivyoinuliwa penye stendi na shule, na mlango wa mji, yaani matuta na miti vinavyomwambia dereva kwamba porini pameisha. Maduka yapate barabara yake ndogo ya pembeni, na hiyo ndiyo uifanyie hatua zote hapo juu.

Mambo yakikwama

*Bodaboda wanapita kwenye njia ya miguu.* Vizuizi haviwazuii, maana mwanya anaopita mwenye kiti cha magurudumu pikipiki nayo inapita. Tafuta chanzo. Mara nyingi ni shimo au maji barabarani, au kijiwe kiko upande usio na abiria.

*Wenye maduka wanalalamika kuhusu maegesho.* Simama nao mlangoni saa moja, mhesabu pamoja wateja waliokuja kwa gari na waliokuja kwa miguu. Mara nyingi gari lililopaki pale asubuhi hadi jioni ni la mwenye duka mwenyewe. Weka muda wa mwisho wa dakika 30 na nafasi ya kushushia mizigo kabla ya saa tatu asubuhi.

*Pevingi zinazama.* Chini hapakushindiliwa, au bomba linavuja. Zing'oe, shindilia changarawe kwa matabaka, tandika mchanga upya, rudisha vitofali vilevile. Usizibe kwa zege, fundi wa maji atarudi.

*Mifuniko inaibwa.* Ya chuma itaibwa. Ya zege haina soko, labda vipande vilivyovunjika wanavyochomoa nondo. Weka akiba ya mifuniko 20 kwenye ofisi ya kata, ili shimo lisilale wazi hata usiku mmoja.

*Maji yanatuama kwenye kivuko.* Bomba la pembeni limeziba au liliwekwa juu kuliko usawa wa lami. Mwaga ndoo ya maji uone yanaelekea wapi kabla ya kuvunja chochote.

*Miti imekauka.* Fungua daftari la mtaa, nenda dukani kwa aliyeandikwa, ukiwa na mche mwingine mkononi.